Mdogo wangu anasema yeye si mwanamume: jinsia ni nini hasa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kifungua mimba. Kitinda mimba wetu ana miaka 23. Mwili wake ni wa kiume, hauna kasoro, na tulimlea hivyo. Mwezi uliopita aliniita faraghani akaniambia kwamba tangu utotoni anajijua kuwa mwanamke, na kwamba amechoka kuigiza. Sijamwambia mtu. Nimelia, nimesali, nimesoma mtandaoni hadi kichwa kinauma. Wengine wanasema ni ugonjwa wa akili, wengine wanasema ni mtindo wa vijana, wengine wanasema jinsia yenyewe ni kitu cha kubuni. Sasa jinsia ni nini hasa? Na huyu mdogo wangu, nimwite kaka au dada?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mwezi mzima wa kubeba jambo hili peke yako. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kuna jambo ulilolifanya bila kujua. Kila ulipomtaja umeandika "mdogo wangu", "aliniita", "anajijua", "amechoka". Hapo Kiswahili hakikukulazimisha uchague. Sarufi yetu imewaweka wanadamu wote, wake kwa waume, katika ngeli moja. Anayekuja anakuja, basi. Ulikwama pale tu ulipofika kwenye kaka na dada, yaani ulipofika kwenye undugu. Shika hapo, tutaparudia.

Neno jinsia tunalibebesha mambo matatu. Kwa watu wengi mambo hayo huenda pamoja maisha yao yote, ndiyo maana hawajawahi kuona kwamba ni matatu. Kwa mdogo wako yameachana njia.

La kwanza ni mwili, ambalo waandishi wa fomu za takwimu hupenda kuliita "jinsi", bila ile a ya mwisho. Hata hilo si jepesi kama tulivyofundishwa. Hadi wiki ya sita hivi ya mimba, kiinitete cha kike na cha kiume vina umbo moja, na tezi zake bado zinaweza kuwa korodani au ovari. Kwenye kromosomu Y kuna jeni moja ndogo iitwayo SRY, iliyogunduliwa mwaka 1990 na watafiti wa London. Jeni hiyo ikifanya kazi, tezi zinakuwa korodani, korodani zinatoa testosteroni, na testosteroni inajenga maumbile ya kiume. Ni mnyororo, na kila pingili inaweza kwenda kombo. Kuna wanawake wenye kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za kiume, na ambao seli zao haziwezi kuipokea testosteroni hata tone: huzaliwa na maumbile ya nje ya kike, hulelewa kama wasichana, na wengi hujua habari zao pale hedhi inapokosa kuja. Kuna wanaume wenye XXY ambao hugundua wanapotafuta mtoto bila mafanikio. Watu ambao maumbile yao hayaingii moja kwa moja upande mmoja tuna neno lao la siku nyingi, huntha, lililotufikia kutoka Kiarabu, na mafakihi wa Kiislamu walijadili mirathi ya huntha karne nyingi kabla ya darubini kuona kromosomu.

Mdogo wako si huntha, na nakuomba usiyachanganye haya mawili, maana watu huyachanganya kila siku. Nimewataja kwa sababu wanatuonyesha kwamba hata mwili, sehemu tunayoidhani ngumu kama jiwe, hujengwa hatua kwa hatua.

La pili ni yale tunayotazamia kwa mwanamume na kwa mwanamke: mavazi, kazi, mwendo, nani alie na nani asilie. Hapo ndipo penye ukweli wa wale wanaosema jinsia ni ya kubuni. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa viatu vya visigino virefu vyekundu kuonyesha ukuu wake wa kiume. Kompyuta ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma Marekani mwaka 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita, kwa sababu kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya kike. Ilipopata heshima na mshahara mnono, ikageuka ya kiume. Mambo haya hubadilika, na yanafundishwa. Kijana anayependa kusuka nywele au msichana anayependa kufungua injini hajawa transjenda (yaani mtu ambaye jinsia anayojijua nayo hailingani na mwili aliozaliwa nao) kwa hilo, na ningependa kila mzazi alijue hili kabla ya kuhofia watoto wake.

La tatu ndilo linalokunyima usingizi. Ni ile hali ya mtu kujijua, ndani, kwamba yeye ni mwanamume au mwanamke, au wakati mwingine kwamba hayumo kikamilifu katika mojawapo. Wataalamu huiita utambulisho wa kijinsia. Wewe na mimi tunayo, ila hatuisikii, kama usivyousikia ulimi wako kinywani mpaka ung'atwe. Swali lako la kweli, nadhani, ni hili: je, kitu hiki kipo, au ni maneno tu?

Kuna kisa kimoja nakifikiria kila ninapoulizwa swali hili, na hakimhusu mtu transjenda. Mwaka 1965, Winnipeg nchini Kanada, walizaliwa mapacha wawili wa kiume. Walipokuwa na miezi minane walipelekwa kutahiriwa, na chombo cha umeme kikauunguza uume wa mmoja wao kiasi cha kutotengenezeka. Wazazi, vijana wadogo waliochanganyikiwa, walimwendea John Money wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mtaalamu ambaye mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutenganisha kitaaluma jinsi ya mwili na jinsia ya maisha. Money aliamini kwamba mtoto mchanga ni kama karatasi tupu: ukimlea msichana tangu awali, atakuwa msichana. Kabla hajatimiza miaka miwili mtoto akaondolewa korodani, akapewa jina Brenda, akavishwa magauni, akafichwa ukweli. Money aliandika vitabuni kwamba mambo yamefanikiwa.

Hayakufanikiwa. Mtoto alikataa magauni, alipigana, aliteseka shuleni, alikataa kurudi kwa Money. Alipofika miaka 14 baba yake akamweleza yote, na yeye hakuhitaji hata muda wa kufikiri: akaanza kuishi kama mvulana na kuchukua jina David. Mwaka 1997 Milton Diamond na Keith Sigmundson walichapisha ukweli wa kisa hiki, na elimu nzima ikatikisika. David Reimer alijiua mwaka 2004, akiwa na miaka 38.

Wazazi, mavazi, shule, daktari mashuhuri, homoni alizopewa, hata umbo lililobaki baada ya upasuaji, vyote vilimwambia yeye ni msichana. Kitu gani kilimwambia si kweli? Hicho ndicho tunachokiita utambulisho. Sasa mgeukie mdogo wako. Naye kila kitu nje yake kilimwambia ni mvulana, na kitu kilekile ndani kikasema sivyo. Tofauti yao ni kwamba kwa mdogo wako hata kromosomu ziko upande wa wasemaji wengine, kwa hiyo hana pa kuelekeza kidole. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Lakini kisa kimoja hakijengi elimu, na sitaki ukipe uzito kuliko kinavyostahili. Mwaka 2004 madaktari wa hospitali hiyohiyo ya Johns Hopkins walitoa matokeo ya watoto 16 waliozaliwa na kromosomu za kiume lakini wakiwa na hitilafu kubwa ya viungo vya uzazi. 14 kati yao walikuwa wamefanywa wasichana. Wanane kati ya hao 14 walikuja kujitangaza wenyewe kuwa wavulana. Kwa waliobaki hali haikuwa hivyo. Kwa hiyo malezi si bure, ila hayana neno la mwisho. Mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji walikusanya taarifa za mapacha ambao angalau mmoja wao alikuwa transjenda. Kwa mapacha wa yai moja, jozi 9 kati ya 23 wote wawili walikuwa hivyo. Kwa mapacha wa mayai mawili wa jinsi moja, kati ya jozi 21 haikupatikana hata moja. Hapo unaona mkono wa urithi, na unaona pia kwamba urithi peke yake hautoshi, la sivyo zingekuwa zote 23. Hakuna jeni moja ya jambo hili, hakuna kipimo cha damu, na picha ya ubongo haiwezi kukuambia nani ni transjenda. Atakayekuuzia maelezo mepesi, ya upande wowote, mkwepe.

Ugonjwa wa akili? Hapana, na hilo lina tarehe. Mwezi Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Hali hii iliondolewa kwenye sura ya matatizo ya akili ikawekwa kwenye sura ya afya ya kijinsia, ili mtu aweze kupata tiba bila kuitwa mgonjwa wa akili. Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameshabadili mwongozo wao mwaka 2013: wanachokitibu wao ni ile dhiki inayomshika mtu kwa kutolingana na mwili wake au na anavyotazamwa. Dhiki hiyo ni ya kweli. Sonona na mawazo ya kujiua ni mengi zaidi miongoni mwa watu transjenda kuliko kwa watu wengine, na sehemu kubwa ya hilo hufuata namna wanavyotendewa. Mwaka 2016 Kristina Olson na wenzake huko Marekani walichapisha habari za watoto 73 wa miaka 3 hadi 12 ambao familia zao zilikubali waishi katika jinsia waliyojitambua nayo. Kiwango chao cha sonona kilikuwa sawa na cha watoto wengine. Wasiwasi tu ndio ulizidi kidogo. Lisome hilo taratibu, kwa sababu lina maana kubwa kwako kuliko kwa daktari.

Mtindo wa vijana, je? Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi yake Berlin, na watu wa namna hii walihudumiwa humo hadi Mei 1933, Wanazi walipoivamia na kuchoma maktaba yake. India walikuwapo hijra, wengi wao watu waliozaliwa na mwili wa kiume wasioishi kama wanaume, kwa karne nyingi. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitunga sheria ya mwaka 1871 iliyowaandikisha kama watu wa kutiliwa shaka, na Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo ikawatambua kisheria kama jinsia ya tatu mwaka 2014. Wabugis wa Sulawesi, Indonesia, wana majina ya jinsia tano. Iran, nchi ambayo hakuna atakayesema inafuata mitindo ya vijana wa Ulaya, upasuaji wa kubadili jinsi unaruhusiwa kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini ya miaka ya 1980. Sidai kwamba watu hawa wote wangejiita transjenda. Kila jamii imelikata jambo hili kwa mkasi wake. Nasema tu kwamba hawakulitoa kwenye simu.

Hata hivyo sitakuficha sehemu ambayo wasomaji wa upande wangu huiruka. Idadi ya vijana wanaotafuta huduma imepanda ghafla. Kliniki ya taifa ya watoto huko Uingereza ilipokea wasiofika 250 katika mwaka wa 2011 na 2012, na zaidi ya 5,000 miaka kumi baadaye, wengi wakiwa wamezaliwa na mwili wa kike. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu kupata neno la kitu walichokuwa nacho. Sehemu nyingine, naamini, ni vijana wenye maumivu mengine, usonji, sonona, majeraha ya nyumbani, ambao walihitaji kusikilizwa kwa upana zaidi. Mwezi Aprili 2024 ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass, iliyoombwa na huduma ya afya ya Uingereza, ilisema ushahidi juu ya dawa za kusimamisha balehe ni dhaifu, na Finland na Sweden zilikuwa zimeshakaza masharti kabla yake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwa upande wake, kilisisitiza mwaka 2023 kwamba kinaendelea kuunga mkono huduma hizo. Huo ni ubishi wa kweli kati ya watu makini. Unawahusu watoto. Mdogo wako ana miaka 23 na anasimulia jambo la tangu utotoni. Na kwa ujumla bado ni watu wachache: sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu karibu mtu 1 kati ya 300, kuanzia umri wa miaka 15.

Kuna pia ubishi kuhusu lini mwili uhesabiwe. Shirikisho la kimataifa la riadha liliamua mwaka 2023 kwamba wanawake transjenda waliopitia balehe ya kiume wasishindane katika kundi la wanawake, na mimi naona hoja yake, kwa sababu pale kinachopimwa ni mwili wenyewe, mifupa na misuli. Mezani kwenu hakuna kinachopimwa namna hiyo.

Jambo moja la haraka, maana najua litakuja: mtu anampenda nani ni swali jingine kabisa. Wapo wanawake transjenda wanaopenda wanaume, wapo wanaopenda wanawake. Usikisie, na usimuulize mpaka mwenyewe akutajie.

Kuhusu mwili, usiogope kwamba kesho ataamka amepasuliwa. Wengine hubadili jina na mavazi tu, wakatulia. Wengine hutumia homoni. Estrojeni, homoni ya kike, huotesha matiti na kupunguza misuli kwa miezi na miaka, lakini hailainishi sauti iliyokwisha kuwa nzito wala haifuti ndevu zilizokwisha kuota, ndiyo maana wanawake transjenda wengi hujifunza kuzungumza upya kwa mazoezi. Inaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, wakati mwingine kwa kudumu, hivyo anayetaka watoto wa damu yake huhifadhi mbegu kwanza. Huongeza pia hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa sababu hiyo nakusihi sana: kama anameza dawa alizoletewa na rafiki au alizonunua mtandaoni, mtafutieni daktari atakayempima damu. Hili ndilo kosa linaloua, na hufanywa na watu wanaojificha. Upasuaji ni wa wachache zaidi, na tafiti zilizowafuatilia waliofanyiwa zinaonyesha kwamba wanaojuta ni wachache, ingawa nyingi hazikuwafuatilia kwa muda mrefu wa kutosha. Majuto ya hao wachache ni halisi, na ndiyo sababu daktari mzuri haharakishi.

Siri aliyokupa si yako. Usimwambie mama, shangazi, mume wako wala kiongozi wa dini kwa nia njema ya "kusaidiwa". Zipo nchi ambako habari hiyo ikivuja mtu hupoteza kazi, nyumba, au uhai. Yeye ndiye atakayechagua nani ajue na lini.

Na wewe pia una haki ya kulia. Umeomboleza picha ya kaka uliyekuwa nayo kwa miaka 23, na hakuna dhambi katika hilo. Naomba tu machozi hayo yasidondoke mbele yake kila siku, kwa sababu atayahesabu kuwa ni deni lake.

Tukirudi kwenye kaka au dada. Lugha yetu mara nyingi haimuulizi mtu jinsia yake hadi aingie kwenye uhusiano na mtu mwingine: kaka wa nani, shangazi wa nani, wifi wa nani. Ndiyo maana maneno haya yanauma na yanaponya kwa nguvu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha habari za vijana 129 transjenda na wengine wasiolingana na jinsia ya kuzaliwa, wenye miaka 15 hadi 21. Waliwauliza wanaitwa jina walilolichagua mahali gani: nyumbani, shuleni, kazini, kwa marafiki. Kadiri mahali palivyoongezeka, ndivyo sonona na mawazo ya kujiua yalivyopungua. Jina tu, ambalo halihitaji cheti wala sindano.

Ikiwa neno dada bado linakukwama kooni, usilitoe kwa kujilazimisha, atasikia. Una "mdogo wangu", uliloliandika mwenyewe. Halina jinsia, na halijawahi kuwa uongo tangu siku aliyozaliwa. Litumie mkiwa mbele za watu wasiojua, litamlinda. Lakini mkiwa wawili, muulize anapenda aitwe nani. Katika wale wanaokuja kuzungumza nami, karibu wote walikuwa na jina hilo miaka mingi kabla ya kulitamka mbele ya mtu yeyote. Amekuchagua wewe kuwa wa kwanza kujua, na huenda alikuwa anasubiri umuulize.